Karatasi Haioni Nyekundu

Shangazi Yudita aliponiambia niseme kwamba ni Sebastiani aliyeufungua ule mkanda wa picha, nilipaswa kukataa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mdomo ninao, na ukweli niliujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliyeufungua ni mimi. Sikukataa. Niliitikia kwa kichwa, nikafuta kamasi kwa mkono wa shati, nikasubiri kuambiwa maneno ya kusema.

Ninayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita vijana niliowaita kubomoa chumba cha nyuma, pale nyumbani Kiruruma, waliniletea kipande cha kioo chekundu chenye ukubwa wa kiganja, kimejaa utando wa buibui. "Mzee, hiki ni cha taa ya gari?" mmoja akauliza. Nikamwambia ni cha dirisha. Akacheka. Nani kijijini aliwahi kuwa na dirisha jekundu? Nilikiosha kwa sabuni, nikakiinua juani, nikaitazama migomba kupitia humo. Majani yote yalikuwa meusi kama masizi ya chungu. Nikawaambia vijana nakwenda kutafuta koti.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi picha ilivyokuwa jambo la kupangiwa siku. Mtu alioga, akajipaka mafuta, akaazima saa ya jirani na kuivaa juu ya mkono wa shati ili ionekane. Katika vijiji vya kwetu mpiga picha alikuwa baba mdogo Festo, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa na kamera moja nzuri ya kuning'iniza kifuani, na nyingine kuukuu ya sanduku ambayo kifuniko chake kilishikiliwa na mpira wa baiskeli. Umeme haukuwapo. Picha alizisafisha mwenyewe, mchana, kwa mwanga wa jua, katika chumba cha udongo nyuma ya nyumba yetu, katikati ya migomba.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja dogo. Baba mdogo alilipachika kioo chekundu alichokisafirisha kutoka Bukoba kikiwa kimefungwa ndani ya blanketi, na pembeni mwa kioo akaacha tundu la mduara wa kikombe, lenye kifuniko cha bati. Ukishafunga mlango na kuziba nyufa kwa magunia, ndani kulibaki wekundu mtupu. Kulikuwa na harufu ya siki, na chini yake harufu nyingine kama ya kiberiti kilichowashwa jana. Juu ya meza zilipangwa sahani tatu za bati zenye dawa. Baba mdogo alilaza kipande cha mkanda uliokwisha kusafishwa juu ya karatasi, akakigandamiza kwa kioo cheupe, akafungua lile tundu, akahesabu moja, mbili, tatu, akafunga. Karatasi ilikuwa bado nyeupe kabisa. Akaitumbukiza kwenye sahani ya kwanza na kuitikisa polepole, na kutoka kwenye weupe ule ikatokea kwanza nywele ya mtu, kisha jicho, kisha kola ya shati. Nimeona mambo mengi tangu hapo. Sijaona lililonishangaza kama lile.

Sebastiani ndiye aliyekuwa akizitikisa sahani. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye vidole vyembamba. Mama yake alimvusha kutoka Rwanda akiwa mgongoni, akakulia katika mashamba ya watu, na kwetu alikuja kulima kahawa ya baba. Baba mdogo alimwomba amchotee maji ya kuoshea picha, na kutoka kwenye maji akaingia kwenye dawa, na kutoka kwenye dawa akafika kwenye kamera. Ile ya sanduku aliazimwa kabisa. Baba mdogo alikuwa akisema mbele za watu kwamba mwaka mmoja tu zaidi na Sebastiani atafungua kazi yake mwenyewe, atoke kwenye jembe. Sebastiani akisikia hivyo aliangalia chini na kujikuna shingo, lakini siku hiyo alilima akiimba.

Mimi alinifundisha kuona. Siku moja aliingia chumbani na kofia imejaa kahawa zilizochumwa, akazimwaga juu ya karatasi nyeupe chini ya ule mwanga mwekundu.

"Chagua mbivu," akasema.

Nilizitazama. Nyingine zilikuwa zimepauka kama mahindi machanga, nyingine nyeusi tii. Kahawa ikiiva sana na kukaukia mtini huwa nyeusi, kila mtoto wa Karagwe analijua hilo. Nikachagua zile nyeusi, kiganja kizima, nikijivuna. Akanishika bega, akanitoa nje. Juani nilifumbua mkono, na zote zilikuwa kijani kibichi.

Sebastiani alicheka mpaka akajiegemeza ukutani. "Mtoto wa mwenye shamba! Baba yako akupeleke kuchuma maharage. Kuanzia leo wewe ni Kahawa Mbichi."

Jina likaning'ang'ania. Lakini baada ya kucheka alinirudisha ndani, akanieleza bila haraka. Kitu chekundu, alisema, kikipigwa na mwanga mwekundu kinaurudisha wote, kwa hiyo unakiona kimepauka sawa na karatasi nyeupe. Kitu cha kijani kinaumeza, hakirudishi chochote, na ndiyo maana unakiona cheusi. "Rangi haikai kwenye kahawa peke yake," alisema. "Nusu iko kwenye kahawa, nusu iko kwenye taa."

Nilileta kila kitu mle ndani. Kipande cha sabuni ya buluu kikawa kama mkaa. Kanga yenye maua mekundu ikapoteza maua yote, ikabaki shuka. Nilileta daftari langu la hesabu, na alama za kukosa ambazo mwalimu alizichora kwa kalamu nyekundu hazikuwapo, kurasa zilikuwa safi. Nikamwambia Sebastiani kwamba mle ndani sina kosa hata moja. "Basi hamia humu," akasema.

Nilipotoka nje baada ya kukaa sana, dunia nzima ilikuwa na ukijani wa ajabu, hata nyuso za watu, hata mbuzi mweupe wa jirani, na ilichukua muda macho kutulia. Nilikaa kizingitini nikisubiri watu warudi kwenye rangi zao.

Jambo moja alinieleza kwa maneno ambayo sijayasahau. Niliuliza kwa nini karatasi ya picha haiharibiki mle ndani wakati nje inageuka nyeusi kwa dakika chache. "Karatasi haioni nyekundu," alisema. "Kwa rangi hiyo ni kipofu. Imelala." Mimi nikaongeza langu kichwani, kimyakimya. Nikaamini kwamba mwanga mwekundu ni mwanga usio na mikono. Unapita juu ya vitu bila kuvigusa, na chochote chenye picha ndani yake, ukikiweka kwenye wekundu, kiko salama.

Mkanda wenyewe sikuwahi kuuona ukisafishwa. Siku hizo kioo kilizibwa kwa gunia, baba mdogo akajifunika mablanketi mawili mle ndani, na mimi nikafungiwa nje mpaka ifike zamu ya karatasi. Nilidhani ananikinga na ukali wa dawa. Sikuuliza.

Bibi, mama yao baba, alikuwa amekataa kupigwa picha miaka yote. "Uso wangu si wa kubandikwa ukutani utazamwe na nzi," alikuwa akisema. Aliyemlainisha ni Sebastiani. Walikuwa na mazungumzo yao, yeye akisema Kinyambo, lugha ya kwetu, na Sebastiani akimjibu Kinyarwanda, kila mmoja akidai mwenzake anakiharibu. Asubuhi moja wakati wa kuanika kahawa tulimkuta bibi amekaa kwenye kigoda kando ya mkeka wa kahawa, kitambaa cheupe kichwani, kanga yake nyekundu ya sikukuu begani.

"Festo, lete hicho kidude chako kabla sijaghairi."

Baba mdogo alikimbia, kweli alikimbia, mtu mzima. Kwenye kamera nzuri mlikuwa na mkanda alioanza nao kanisani, kwa watoto wa kipaimara, na zilibaki picha tatu. Bibi akauliza kama kanga itatoka nyekundu.

"Itatoka kijivu, mama. Picha hizi hazijui rangi."

"Basi nimevaa bure! Ningekuja na ile ya jikoni."

"Mama, tulia. Usicheke."

"Anayenichekesha ni huyu Mnyarwanda wako. Mtazame alivyoinama kama anatafuta sindano."

Sebastiani alikuwa amesimama upande wa mkeka na kamera ya sanduku tumboni, akijifunza kupima kivuli. Baba mdogo akamwambia asimalize mkanda wake kwa kupiga migomba. Picha tatu zikapigwa, bibi akiwa ameukaza uso kama anayesomewa hukumu. Kisha baba mdogo akauzungusha mkanda mpaka mwisho, akautoa kivulini, akaufunga kwa kile kibandiko chake cha karatasi, akauweka ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya rafu chumbani. Dawa zilikuwa zimekwisha. Angezipata kutoka Bukoba baada ya wiki mbili au tatu.

Wiki ya pili bibi aliugua kifua siku nne, akafa.

Watu walijaa. Msibani kila aliyefika alimuuliza baba mdogo jambo lilelile: ipo picha? Naye alijibu, "Ipo. Iko ndani ya mkanda," na akisema hivyo uso wake ulipata nguvu kidogo. Alikuwa kitinda mimba, aliyelala kitanda kimoja na bibi mpaka akawa mkubwa. Niliona ameishika ile picha ambayo haijatoka kama mtu anavyoshika fimbo.

Mimi nililichukua neno lile kama lilivyo. Iko ndani ya mkanda. Nilimwona bibi amekaa ndani ya kopo, gizani, amejikunja, na kigoda chake na kanga yake. Siku ya sita au ya saba nyumba ilikuwa kimya, wanaume wamekwenda kukata ndizi za matanga, nikachukua ufunguo kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa baba mdogo. Ufunguo ule tuliujua watatu tu: yeye, Sebastiani na mimi. Nikaingia, nikafunga, nikaziba nyufa kwa magunia kama nilivyofundishwa. Nilikuwa mwangalifu sana. Nilisubiri macho yazoee wekundu. Nikashusha kopo, nikachana kibandiko, nikaukunjua mkanda wote juu ya meza.

Hakukuwa na kitu. Upande mmoja karatasi nyeusi, upande mwingine utepe laini wenye rangi ya ukungu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliusogeza karibu na kioo ili nione vizuri zaidi. Nilimtafuta bibi pale kwa muda mrefu. Nilihisi amekwenda mbali zaidi ya nilivyoambiwa. Kisha nikaukunja tena, nikalamba kibandiko, nikabandika. Ladha ya gundi ile ilikuwa tamu kidogo. Kilikaa upande, nikaona kimekaa upande, nikasema hakuna atakayekiona.

Dawa zilipofika baba mdogo alijifungia chumbani tangu asubuhi. Alitoka na mkanda unaodondosha maji, akauinua juani. Ulikuwa mweusi wote, mwanzo hadi mwisho, kama mkanda wa suruali. Hata wale watoto wa kipaimara hawakuwapo. Aliusogeza polepole kati ya vidole, kipande kwa kipande, mpaka kwenye zile tatu za mwisho.

"Umeungua," alisema. Hakusema kwa sauti. Akaingia tena ndani akatoka na kile kibandiko kilichochanika, akakitazama. "Mtu ameufungua huu."

Mimi nilikuwa tayari nimekimbilia mgombani. Shangazi Yudita, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka kwa mumewe Ihanda kwa ajili ya matanga, alinikuta huko nimejikunyata. Nilimwambia kila kitu. Alinishika mkono mpaka jikoni, akanikalisha, akaendelea kumenya ndizi. Kisu chake hakikusimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Baba yako atakuvunja mkono. Hilo litapona. Lakini Festo hatakutazama tena mpaka anaingia kaburini, na wewe utakuwa humu humu, unakula naye." Akatupa ndizi kwenye maji. "Sebastiani anaujua ufunguo?"

"Anaujua."

"Utasema ulimwona anatoka na kopo."

"Lakini shangazi, hakuingia."

"Nimekuuliza kama aliingia? Yule ni mtu wa kuja. Mtu wa kuja ana miguu, akifukuzwa hapa anapata pale. Wewe ukichukiwa hapa utakwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoitikia kwa kichwa. Nimejaribu katika maisha yangu kumwachia shangazi mzigo huu, kwa kuwa yeye alikuwa mkubwa na mimi mtoto. Haubebeki upande wake peke yake. Nilijua kilichokuwa kinaombwa. Nilijua kwamba Sebastiani angepoteza kamera, kazi na mahali pa kulala, na nilipoyapima hayo na hofu yangu, hofu yangu ilikuwa nzito zaidi.

Baada ya chakula cha mchana tuliitwa sebuleni. Nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa sakafuni kwa ajili ya wageni wa msiba, zikinukia. Walikuwapo baba, baba mdogo, shangazi, na wazee wawili majirani. Sebastiani aliitwa kutoka shambani, akaketi karibu na mlango na matope miguuni.

Baba aliniuliza kama nimemwona mtu chumbani.

"Nilimwona Sebastiani. Alitoka na kopo."

Nilitegemea apige kelele. Niliomba apige kelele, ili nami nipate kulia na jambo lote livunjike. Alinitazama tu. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama karatasi iliyo kwenye dawa, akisubiri kuona kitakachotokea.

"Sebastiani," baba mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, "ni kweli?"

Sebastiani alijikuna shingo.

"Mimi filamu siwezi kuifungua, Festo. Unanijua," alisema.

"Kwa hiyo mtoto anasema uongo?" shangazi akadakia. "Mtoto aliyefiwa na bibi yake?"

Sebastiani akainamisha kichwa. "Sijasema mtoto ni mwongo."

Kwetu mtu akifika huletewa kikapu kidogo cha kahawa zilizopikwa na kukaushwa, za kutafuna. Kikapu huzunguka, na kila aliyemo huchukua mbili tatu. Ni adabu ya nyumba. Hata mliyegombana naye akitafuna, amani ipo. Baba alikichukua kile kikapu, akampa mzee wa kwanza, akampa wa pili, akampa baba mdogo, akachukua mwenyewe. Kilipofika zamu ya Sebastiani, baba alikiweka chini juu ya nyasi, mbele yake mwenyewe. Hakuna aliyesema ondoka. Sebastiani alisimama, akasema kwaherini, akatoka.

Asubuhi tuliikuta kamera ya sanduku kizingitini kwa baba mdogo, imefunguliwa, haina kitu ndani. Nilitumwa kisimani, na njiani nikamkuta Sebastiani na jembe lake na blanketi limefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilisimama kando ya njia kumpisha.

Alisimama karibu nami akaweka jembe chini.

"Kahawa Mbichi," alisema. "Karatasi ndiyo isiyoona nyekundu. Filamu, ule mkanda wenyewe, inaona rangi zote. Ile husafishwa kwenye giza tupu, hata mwanga wa kioo kile unaiua. Kosa ni langu, sikukwambia. Siku utakapoishika kazi hii, usisahau."

Akachukua jembe, akaenda. Alikuwa anajua kila kitu, na katika njia ya kuondoka alichoona kinafaa kufanya ni kumalizia somo.

Watoto wa kipaimara walipigwa picha tena. Baba mdogo hakuendelea sana. Alijaribu vijana wengine kwenye sahani, picha zikatoka na madoa, na baadaye zikaja picha za rangi zinazosafishiwa mjini. Chumba cha nyuma kikawekwa majembe. Mara nyingi, tukiwa tunakunywa naye rubisi, pombe ya ndizi, nimeshakuwa kijana, alisema ghafla, "Laiti ule mkanda." Nilikuwa namwongezea kwenye kibuyu chake.

Nilikwenda sekondari. Kidato cha tatu mwalimu wa fizikia aliuliza kwa nini nguo nyekundu huonekana nyeusi chini ya taa ya kijani. Nilisimama nikajibu kwa maneno ya Sebastiani, mpaka lile la nusu kwenye kahawa na nusu kwenye taa. Mwalimu alifurahi, akaamuru nipigiwe makofi, akauliza nani amenifundisha.

"Nimejisomea, mwalimu," nikasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu nilipopata habari kwamba Sebastiani anaishi Songambele, ameoa, analima. Niliazima baiskeli. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno: Nimekuja kukuomba radhi. Ni mimi. Niliyakariri kwenye vilima nikiisukuma baiskeli, na kwenye miteremko nikiwa nimeshika breki.

Mwanamke alikuwa anapalilia maharage mbele ya nyumba. Tulisalimiana. Nikauliza kama mwenye nyumba yupo.

"Yupo pale," akasema, akaonyesha kwa jembe kaburi kati ya migomba. "Huu ni mwaka wa pili. Ulikuwa unamfahamu?"

"Kidogo."

"Wewe ni wa wapi?"

Hata sasa siwezi kueleza. Sebastiani alikuwa ameshakufa, hapakuwa na wa kunihukumu isipokuwa mwanamke mwenye jembe na watoto wawili wanaonichungulia. "Wa Ihanda," nikasema.

Aliitwa Anastazia. Alinipa maji, akafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye habari za mumewe. Aliingia ndani akatoka na kopo, na ndani ya kopo karatasi nyeusi iliyokunjwa mara nne. "Hakutaka ibandikwe," alisema. "Alisema jua hula picha." Akakunjua.

Alikuwa bibi. Picha ya upande, kando ya mkeka wa kahawa, kitambaa cheupe kichwani. Hakuwa ameukaza uso. Alikuwa anacheka, mdomo wazi, yale meno mawili ya chini yanaonekana, jicho limegeukia kwa aliyempiga picha. Niliweza kuhesabu kahawa kwenye mkeka. Nilikuwa nimesahau kwamba alipocheka sikio lake lilisogea, na kwenye picha nikaona kwamba limesogea.

"Aliipiga yeye, na kamera ya kuazima," Anastazia alisema. "Hata hakujua kama imetoka mpaka alipopata mahali pa kuisafishia. Halafu akaipeleka huko kwao, Kiruruma, kwa miguu. Karibu na nyumba akakutana na dada ya mwenye nyumba, na dada huyo akamwambia wafiwa hawataki kumwona, akifika atapigwa. Akarudi nayo. Miguu imevimba, hii." Akaonyesha kwa mikono. "Kabla hajafa aliniambia, mtu wa Kiruruma akija, mpe. Wa mahali pengine usimpe, hata akikuomba vipi. Hasa kuna kijana mmoja, alisema lazima atakuja. Alikuwa anamwita Kahawa Mbichi." Akanitazama usoni. "Ihanda si mbali na kwao. Humjui?"

Picha ilikuwa mkononi mwangu.

"Hapana, mama," nikasema. "Simjui."

Alinyoosha mkono, nikampa. Akaikunja tena kwenye karatasi nyeusi, polepole, kona kwa kona.

Ilinichukua miaka mingine kupata moyo wa kurudi. Nyumba ilikuwa imeanguka na migomba imeingiliwa na magugu. Jirani mmoja alisema mama yule na watoto wamehamia kwa ndugu, hakujua wapi. Mwingine akataja mahali, nikaenda, hawakuwapo.

Shangazi amekufa, baba amekufa. Baba mdogo Festo alikufa akiamini kwamba Sebastiani alimwibia uso wa mama yake. Sebastiani alikufa mkulima, bila kamera, bila kusikia neno moja la radhi kutoka kwangu. Bibi hana picha katika nyumba aliyoijenga, na wajukuu zangu wakiniuliza alifananaje, nawaambia alikuwa na kitambaa cheupe, kwa kuwa hicho ndicho ninachokikumbuka vizuri. Uso wake niliushika mkononi siku moja Songambele, nikaurudisha, kwa sababu kuuchukua kungenilazimu kusema mimi ni nani.